Nani Alilitaja Jina

Mama Ikupa, jirani yetu wa upande wa bondeni, anasema mashine ndiyo iliyojibu. Anasema mikono ile ya mashine ya hospitali ikikaa karibu na mtu inamsikiliza anavyokohoa, anavyopiga miayo, anavyombembeleza mtoto, mpaka inaishika sauti yake yote. Basi siku ile mkono ulipofika kitandani ukauliza, "Huyu ni nani?" wifi yangu Atuganile akanyamaza kama kawaida yake. Mkono ukachoka kungoja. Ukajijibu wenyewe kwa sauti ya wifi, ukataja jina, halafu ukachoma sindano.

"Nimesikia kwa masikio yangu haya," anasema, na anayavuta ili yaonekane.

Ukimwuliza alisikiaje wakati siku ile alikuwa sokoni anauza ndizi, anasema aliyemsimulia alisikia kwa masikio yake, na masikio ni masikio.

Sikumbishia. Maneno ya Mama Ikupa angalau yalimwacha wifi salama. Yaliyokuwa yanazunguka upande wa juu, kwa kina baba wadogo, yalikuwa mengine. Huko walisema hakuna mashine iliyojibu. Walisema aliyejibu ni Atuganile mwenyewe, kwamba alilitaja jina la baba mkwe wake kwa kinywa chake, mbele ya watu, na ndiyo maana mtoto hakuliona jua likizama.

Mtoto aliitwa Gwakisa. Baba yangu anaitwa Gwakisa. Kwetu huku Rungwe, zamani, mke hakutaja jina la baba mkwe wala hakukutana naye uso kwa uso. Nyumba nyingi zimeacha. Yetu haijaacha. Baba akitaka kuzunguka upande wa jikoni anakohoa kwanza, ili wifi apate nafasi ya kupisha. Na kwa kuwa mtoto alirithi jina la babu yake, mama yake hakuwahi kumwita kwa jina hilo hata mara moja. Alimwita Mkubwa. Mimi nilimwita Gwakisa, kwa sababu mimi ni binti wa nyumba ile na hakuna linalonizuia.

Hospitali ilituma maelezo yake mafupi. Mtoto alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu na alikuwa anaendelea vizuri. Alipewa dawa ya mgonjwa mwingine, dawa ya kutuliza moyo unaokimbia. Wake ulikuwa haukimbii. Kabla ya dawa kutolewa, mgonjwa alithibitishwa kwa sauti. Pole kwa familia.

"Kwa sauti ya nani?" wifi aliuliza. Aliuliza siku ya mazishi, akauliza baada ya matanga, akaniuliza mimi tukimenya ndizi. "Mimi sikufungua mdomo, wifi. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nani alithibitisha?"

Nikaendelea kumenya.

*

Jioni moja Baba alikohoa. Wifi akaacha chungu, akatoka, akasimama nyuma ya ukuta wa mianzi. Baba akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Subilaga."

"Naam, Baba."

"Mwambie mama wa marehemu mimi simshtaki kwa lolote."

Nikageukia ukuta. "Wifi, Baba anasema hakushtaki."

"Mwambie nimesikia."

"Baba, amesikia."

"Najua amesikia, ukuta wenyewe una matundu kama chekecheke. Mwambie akitaka kwenda hospitali kuidai ile saa aliyofia mtoto, aende. Mumewe hana ruhusa ya kutoka mgodini mpaka mwisho wa mvua. Wewe utamsindikiza."

Kabla sijageuka, wifi akasema kutoka nje, "Mwambie mzee nitakwenda. Mwambie nikirudi nitakuwa naijua sauti iliyotaja lile jina, na nitasimama kanisani niseme. Hao wanaosema ni mimi wakae mbele kabisa."

Baba alitazama moto. Nikamwambia alichoambiwa, ingawa alikuwa ameshasikia. Hiyo ndiyo kazi yangu katika nyumba ile. Natoa neno huku, nalipeleka huku.

"Mwambie vizuri," Baba akasema. Akanyanyuka. Mlangoni akageuka. "Subilaga, wewe huwa unatazama kabla ya kusema. Huko nako utazame."

*

Kuidai saa ni jambo lililoruhusiwa kisheria nikiwa darasa la sita. Kila nesi na kila daktari ana uzi mwembamba nyuma ya sikio. Anapokuwa kazini, uzi unaushika muda wake: anachoona, anachogusa, anachowaza. Kamera wodini zilikatazwa kwa ajili ya heshima ya wagonjwa, kwa hiyo hakuna picha ya chochote. Kuna uzi tu. Mtu akifa kwa kosa, familia inaweza kuidai saa ile itolewe kichwani mwa mhusika na kuwekwa kichwani mwa mmoja wao. Mwenye kuibeba akisimama mbele ya watu akaeleza, hakuna wa kumbishia.

Mhamishaji wa saa hizo pale hospitali alikuwa kijana wa Kisukuma, anaitwa Masalu, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Alituwekea viti, akatuuliza kama tumekunywa chai.

"Tumekunywa," wifi akasema. Hatukuwa tumekunywa.

"Sawa dada. Nyinyi ni watu wa migomba, kwa hiyo mtanielewa haraka kuliko wale wa kwetu. Ukitaka mgomba wa jirani uote kwako, unafanyaje?"

"Naomba chipukizi."

"Anakupa chipukizi, anang'oa. Pale kwake panabaki nini?"

"Shimo."

"Ndiyo hivyo hivyo. Hatunakili, tunang'oa. Tulijaribu kunakili miaka ya mwanzo. Nakala inatoka na macho tu, ndani yake hamna mtu. Unaona mkono unaokota kikombe lakini hujui kwa nini umekiokota. Familia zilikuwa zinaondoka na maswali yale yale."

Wifi aliweka mikono mapajani. "Kwa hiyo nikiichukua, yule nesi aliyekuwa zamu hatakuwa nayo."

"Hatakuwa nayo. Ataambiwa kwamba mtoto alifariki zamu yake, kama unavyoambiwa habari ya mji wa mbali. Lakini ile saa yenyewe hatakuwa nayo."

"Halafu?"

"Halafu anarudi kazini. Sheria inasema aliyetoa saa yake ametoa kila alichonacho. Hadaiwi."

"Mimi nibebe, yeye apumzike."

Masalu alijikuna shingoni. "Wengi wanasema hivyo, dada. Wapo walioondoka palepale kwenye kiti hicho. Nikwambie na lingine, maana lazima niliseme. Ukiwa ndani ya saa yake, wewe ndiye yeye. Utawaza alichowaza. Na kama ulikuwepo chumbani, utajiona."

"Nilikuwepo."

"Basi utajiona."

"Vizuri," wifi akasema. "Nitaona nimefunga mdomo."

Masalu akamfunga utepe wa chuma laini kichwani, wa kuzoesha ubongo, akatuambia tungoje kwenye banda la wasindikizaji mpaka utepe uwe na joto la mwili wake. Siku mbili, tatu, inategemea kichwa. Nikamwuliza kama hatuwezi kumwuliza nesi mwenyewe, kwa mdomo, yaishe.

"Amefungwa mdomo mpaka mwamue," akasema. "Akiisimulia saa yake, inabadilika. Kila ukisimulia jambo unalipaka rangi kidogo. Mkikataa kuichukua, anafunguliwa, anaweza kusema atakacho, na nyinyi mtaamini mtakacho."

*

Nilipomaliza darasa la saba nilipata kazi ya kukaa pembeni mwa shamba la chai, kuangalia mashine za kuchuma zisivuke mpaka wake zikaingia kwenye viazi vya watu. Zina miguu mingi na akili kidogo. Kazi yenyewe ni kukaa na kutazama. Ukisinzia zinakula viazi. Kwa hiyo kukaa kwenye baraza la wodi ya watoto, nyuma ya kioo, hakukunichosha.

Wodi ilikuwa na reli juu ya dari, na mkono mmoja uliotembea juu yake. Ulikuwa mrefu, mweupe, una vidole vitatu na kikapu cha dawa. Unashuka na dawa iliyopangiwa kitanda hicho, unasimama, unauliza kwa sauti ya upole, "Huyu ni nani?" Hautaji jina wenyewe. Walinieleza kwamba zamani ulikuwa unasema, "Huyu ni fulani?" na watu walikuwa wanajibu ndiyo kwa kila kitu, kwa woga wa hospitali. Ndipo wakabadilisha. Mzazi atamke mwenyewe. Jina likilingana na dawa iliyomo kikapuni, dawa inatoka. Lisipolingana, mkono unapanda juu na kengele inalia.

Nilitazama asubuhi nzima. Mkono uliuliza, mama akajibu, dawa ikatoka. Ukauliza, baba akajibu. Ukafika kwa mama mmoja kijana aliyefunika kichwa kwa khanga. Ukauliza. Yeye akatazama sakafu. Mkono ukangoja. Halafu dawa ikatoka.

Hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa nimeutazama mdomo wa yule mama muda wote.

Mchana nilimkuta yule mama kwenye mafiga, yeye na wenzake, wanapika uji. Mmoja alikuwa mnene na mcheshi, anaitwa Tusajigwe, anakoroga na kuimba. Nikamsalimu, nikamsaidia kuni.

"Dada, yule mwenzenu mkono ulimwuliza akanyamaza, na dawa ikatoka. Imekuwaje?"

Wakacheka wote.

"Huyu hajaolewa huyu!" Tusajigwe akasema. "Mtoto amepewa jina la mkwe, mama ataje vipi? Ngoja uolewe, upate baba mkwe anaitwa Maji. Utakufa na kiu umekaa mtoni."

"Sasa anajibu nani?"

"Manesi. Wanatujua. Yule aliye zamu ana kidude cha kooni, ananong'ona humo, mkono unapokea. Wala husikii. Na wewe usipige kelele, wakubwa hawajui. Wakijua watatulazimisha tutamke mbele ya watu, tukatukanwe huko nyumbani."

"Manesi wote?"

"Aliyeanzisha ni Ndimbumi. Mama wa watu yule. Alitukuta tunalia, mkono umepanda juu na dawa yake, kengele inalia, mtoto anatetemeka. Akasema basi, kina mama, nyamazeni, nitawasemea mimi." Akaonja uji. "Sasa hivi wamemweka kufua mashuka. Kwa sababu ya yule mtoto aliyek—"

Mwenzake akamkanyaga mguu. Wakanitazama, wakamtazama wifi aliyekuwa amekaa mbali na utepe wake kichwani, na Tusajigwe akaacha kuimba.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Chukua uji."

Nilichukua uji. Niliporudi barazani niliona jambo lingine. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya huku kwetu isiyo na haraka, na baridi ikaingia. Kitanda cha ukutani kinapitiwa na bomba la maji ya moto. Mama aliyekuwa na kitanda hicho alimwona mwenzake wa dirishani mtoto wake anakohoa. Akambeba wake, akamwita, wakabadilishana vitanda, wakasaidiana kuhamisha blanketi na vikombe, wanacheka. Nesi alikuwa upande wa pili anafunga bandeji. Hakugeuka.

Mkono ulikuja baadaye. Nesi akainua macho, akaona, akanong'ona. Sijui alinong'ona nini. Dawa ikatoka, na mtoto hakupata lolote baya. Nilisubiri mpaka jioni kuhakikisha.

Nilimfuata wifi kwenye banda. Alikuwa anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Wifi, mlikuwa kitanda kipi?"

"Cha ukutani. Penye joto."

"Tangu mwanzo?"

"Hapana, mwanzo tulikuwa dirishani. Asubuhi ile Mkubwa alikuwa anatetemeka, nikamwomba mama mmoja wa pale ukutani. Hata hakunihoji. Mtoto wake alikuwa na ugonjwa wa moyo, naye ana jina la mkwe kama wangu, lakini alikuwa amechangamka siku hiyo. Akasema njoo, dada, njoo upashe huyo mtoto moto." Akavuta ukili. "Mungu ambariki. Mkubwa alipata joto mara moja. Akalala. Mkono ulipokuja alikuwa amelala, nikaushika mkono wake mdogo nikaunyoosha, ili sindano isimshtue."

"Ukaulizwa jina."

"Nikaulizwa. Nikanyamaza. Nesi Ndimbumi alikuwa kule mlangoni amempakata mtoto wa mtu anayetapika, mgongo ametupa sisi." Akanitazama. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu."

Nikamwambia utepe wake umepinda, nikaunyoosha.

Sikuwa na uhakika wa chochote. Nilikuwa na kitanda, mgongo wa nesi na kimya cha wifi, na nilikuwa nimeviunganisha mwenyewe nikapata jina la yule mtoto wa moyo likinong'onwa bila kutazama, kama Mama Ikupa anavyounganisha vyake. Nilifikiri kumweleza. Lakini nikimweleza kisha ikawa sivyo, nitakuwa nimempa jambo ambalo halitoki tena kichwani, na hakuna mhamishaji wa kuling'oa hilo.

*

Nesi Ndimbumi alinikuta mimi. Nilikuwa kwenye kamba za nguo nyuma ya jiko, yeye akaja na beseni la mashuka. Mama wa makamo, mfupi, mikono imechubuka kwa sabuni. Kwenye kola alikuwa na kitambaa cha kijivu, alama ya kufungwa mdomo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wifi wa yule mama?"

"Ndiye mimi."

Akaweka beseni chini. Hakuanika kitu.

"Siruhusiwi kusema kilichomo," akasema. "Sitasema. Nataka kuomba tu. Kuomba hawajakataza, nimeuliza."

"Omba."

"Mwambie asiichukue. Niachieni."

Nilianika shuka langu, nikalinyoosha pembe. Nilitaka kuona kama ataendelea bila kusukumwa. Aliendelea.

"Najua inavyosikika. Ningekuwa wewe ningesema, mwizi anaomba asipekuliwe. Lakini nisikilize. Wakiitoa, kesho nitaamka mwepesi. Nitavaa sare yangu, nitaingia wodini, nitawaona kina mama wameinamisha vichwa, na nitafanya kile nilichokuwa nafanya. Kwa nini nisifanye? Sitakuwa na sababu ya kuacha. Wenzangu wanafanya mpaka leo, nawaona nikipita na mashuka, na nimefungwa mdomo siwezi kuwaambia acheni. Mkiniachia, nafunguliwa. Siku hiyo hiyo nitawakalisha chini. Nitawapelekea na wakubwa habari, wanifukuze wakitaka."

"Na wifi yangu atabaki na nini?"

"Nitakuja kwenu. Nitakaa naye. Nitamwambia kwa mdomo wangu, pole pole, hata kama ni mwaka mzima."

"Utamwambia yote?"

Alitazama mikono yake.

"Nitamwambia la kwangu," akasema.

Upepo ulipiga mashuka. Nikasubiri yatulie.

"Walibadilishana vitanda," nikasema.

Alikuwa ameinama kuchukua shuka kwenye beseni, na akabaki ameinama hivyo, ameshika shuka lenye maji, maji yanamwagikia viatuni. Kitambaa cha kijivu kilining'inia mbele ya koo lake. Nilitazama mpaka nikatosheka.

"Anajua?" akauliza mwishoni, bado ameinama.

"Anajua vitanda. Anajua alinyamaza. Hajaviweka pamoja. Kimya chake ndicho anachokwenda kukitafuta humo ndani, Nesi. Kule nyumbani wanasema alitaja jina. Anataka kutoka humo aseme, nilinyamaza, nilijiona."

"Atajiona," Ndimbumi akasema. "Atajiona kwa macho yangu. Atasikia nilichonong'ona na atajua kwamba angefungua mdomo—" Akakatisha. Akagusa kitambaa. "Nimesema sana. Basi. Nakuomba, mwanangu. Wewe una busara, naona unavyotazama. Mwambie aniachie."

"Wakiamini kwamba alitaja, itakuwaje?"

"Nitakuja niseme kanisani kwenu hakutaja."

"Wewe uliyemwua mtoto ndiwe utakayemtetea mama yake. Watakuamini?"

Akaanika shuka. Akabana kwa vibanio. Hakujifanya kuwa na jibu, na kwa hilo nilimwamini zaidi kidogo kuliko nilivyotaka kumwamini.

*

Asubuhi Masalu aligusa utepe, akasema una joto la kutosha.

Chumba cha kuhamishia kilikuwa kidogo na safi. Vitanda viwili, pazia la kijani katikati, nusu limevutwa. Ndimbumi alikuwa ameshalala upande wake, uzi wake umeunganishwa. Juu ya dari kulikuwa na reli, na mkono kama ule wa wodini.

Usiku sikuwa nimemwambia wifi chochote. Asubuhi nilijaribu. Tulipokuwa tunanawa nilisema, "Wifi, yule mama ameomba tumwachie." Akasugua uso wake kwa khanga. "Lazima aombe," akasema. "Ningekuwa yeye ningeomba." Nikasema, "Ameahidi kuja kutueleza kwa mdomo." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Wa mdomo ninao wengi, wifi. Ninaye Mama Ikupa."

Nikasema, "Huenda humo mna jambo litakaloumiza."

"Mtoto wangu amekufa," akasema. "Kuna nini tena humo?"

Nilikuwa na neno. Lilikuwa mdomoni. Nikalitazama kama ninavyotazama mashine inayokaribia mpaka, najiuliza itavuka au itageuka, na kabla halijaamua Masalu akatuita.

Wifi alipanda kitandani, akavua viatu, akavipanga. Akanishika mkono. Ndimbumi, upande wa pili, aligeuza kichwa pole pole mpaka macho yake yakanipata kwenye uwazi wa pazia. Hakumtazama mtu mwingine.

"Dada, uko tayari?" Masalu akauliza.

"Niko tayari."

"Kuna hatua moja ndogo, ya kuthibitisha tu. Atamke mdai au msindikizaji, sauti yoyote kati yenu inatosha. Halafu inaanza, na ikianza hatuisimamishi." Akabonyeza kitu ukutani.

Mkono ukateleza kwenye reli. Ukashuka juu ya wifi, ukasimama. Ulikuwa na sauti ile ile ya upole.

"Uliyempoteza ni nani?"

Wifi alifungua mdomo. Niliona ulimi wake ukijiandaa, niliona koo likipanda, na niliona likishuka. Akaufunga mdomo. Kilomita zote zile mbali na nyumbani, mzee hayupo kumsikia, na bado hakuweza.

Akanigeukia. Macho yalikuwa makavu, yametulia, kama ya mtu anayeomba apewe chumvi.

"Wifi," akasema, "nisemee."

Kule nyuma ya pazia, Ndimbumi alifumba macho.

Vidole vya wifi vilikuwa vimeukamata mkono wangu, vya moto kwa sababu ya utepe. Masalu alinitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena. Nje mtu alikuwa anavuta beseni kwenye saruji.

Mkono ukangoja. Halafu ukashuka kidogo zaidi, ukauliza tena.